Kuingia benki ya uwekezaji ukitokea Dalhousie

Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, Kanada, anaweza kupata kazi katika benki ya uwekezaji, yaani ile inayosaidia kampuni kutafuta mtaji na kuuziana. Inawezekana, ila njia yako ni nyembamba kuliko ya wenzako wa vyuo vya Ivey, Queen's au McGill, ambako benki za Bay Street, mtaa wa fedha wa Toronto, huenda zenyewe kutafuta vijana. Wewe itakubidi uzifuate, kwa kuwaandikia wahitimu wa chuo chako walioko huko na kuwaomba dakika chache za mazungumzo, si kazi. Anza sasa, kwa sababu nafasi za mafunzo ya kiangazi hujazwa mapema mno, na ajira nyingi za kudumu hutokana nazo. Calgary nayo usiidharau, hasa kwa biashara ya mafuta na gesi.

Kwenye usaili, alama nzuri peke yake hazikuokoi. Utaulizwa, kwa mfano, uchakavu (gharama ya mali kuchakaa, inayoandikwa vitabuni bila fedha kutoka) ukiongezeka kwa dola 10 na kodi ikiwa asilimia 30, kinatokea nini. Faida halisi hupungua kwa dola 7, fedha taslimu huongezeka kwa 3 kwa kuwa kodi imepungua, na mizania (hesabu ya mali, madeni na mtaji) hubaki sawa kwa kuwa mali na mtaji vyote hushuka kwa 7. Hilo inabidi ulijibu bila kusitasita.

Kuhusu New York, viza ya TN, ya kufanya kazi Marekani, hupewa raia wa Kanada na Meksiko tu, na ukaazi wa kudumu wa nchi hizo hautoshi. Kwa kuwa umesema una pasipoti ya Tanzania, ningeanza na Toronto, kwa kibali cha kazi cha wahitimu wa vyuo vya Kanada, ambacho huweza kufika miaka 3.