Saratani haikwenda karantini: barua zenu, majibu yangu

Mwaka 2020 dada yangu aliahirishiwa upasuaji wa titi mara mbili. Sasa saratani imefika kwenye mifupa. Je, korona ndiyo iliyomponza?

Kwa mgonjwa mmoja hakuna wa kukuapia. Kwa wagonjwa wengi, jibu linajulikana: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ Novemba 2020 ulionyesha kuwa kila wiki 4 za kuchelewa upasuaji wa saratani huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Na dada yako hakuwa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipouliza nchi 155 Mei 2020, asilimia 42 zilikiri matibabu ya saratani yamevurugika, kwa sehemu au kabisa. Wauguzi walihamishiwa wodi za korona, usafiri ukazuiwa, vitanda vya mahututi vikajaa.

Kuna kuahirisha kulikokuwa na hoja: daktari alipima hatari ya mgonjwa kuambukizwa korona akiwa bado na mshono mbichi. Ninachogombana nacho ni kule kwa "tutakupigia". Tarehe hakuna, jina la wa kumfuata hakuna, mgonjwa analala na simu kifuani. Ukiahirishiwa, iwe kwa mlipuko au kwa mashine mbovu, usitoke mlangoni bila tarehe mpya iliyoandikwa na namba ya mtu anayepokea simu.

Chanjo ya korona inaleta saratani?

Hapana. Nimelijibu hili hadi nimechoka. Ulizeni la maana: je, chanjo inamkaa vizuri mtu ambaye kinga yake imeshuka? Mara nyingi inamkaa kwa udhaifu, hasa mwenye saratani ya damu, ndiyo maana wengi wao huongezewa dozi. Anaoishi nao nao wachanjwe.

Niliacha kazi wakati wa korona nimuuguze mama. Ndugu zangu wanasema sikupoteza kitu, maana hospitali haikutudai.

Ndugu zako wanahesabu risiti za hospitali tu. Chukua daftari. Andika mshahara ulioukosa, mwezi kwa mwezi. Andika gari la kukodi, kwa kuwa mama hakutakiwa kubanana na watu kwenye basi. Andika dawa za kichefuchefu ulizonunua nje, na deni la rafiki ambalo bado unalikwepa. Gharama nyingi za saratani hazipitii dirisha la malipo, na korona ilizizidisha: aliyezoea kuchangia naye alikuwa amefunga biashara. Siku ya kikao cha familia usigombe, soma tu daftari.

Hukuuliza, lakini nasema: wapo waliopunguza vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, na daktari wakamficha. Akiona uvimbe haupungui, atadhani dawa imeshindwa. Mwambieni pesa imekwisha. Na kabla ya kukopa kwa riba, pitia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini.

Baba yuko kwenye kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Usiku alikuwa na joto la 38.3. Tusubiri kliniki ya Alhamisi?

Msisubiri hata dakika! Mnaandika barua badala ya kumpeleka? Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na homa ya 38 au zaidi ni dharura, iwe mchana au usiku. Korona iliwazoesha watu kuficha homa wasije wakatengwa. Mazoea hayo yanaua.

Mume wangu alimaliza matibabu mwaka 2021. Hadi leo hataki wageni wala kutoka. Majibu yake ya saratani alipewa akiwa peke yake, kwa kuwa wasindikizaji tulizuiwa.

Wenye saratani waliambiwa wajifungie kuliko watu wote, kisha hakuna aliyerudi kuwaambia wanaweza kutoka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona Mei 2023; hofu ya mtu haifuati tangazo. Msimwite mwoga, wala msimjazie nyumba kwa sherehe ya kushtukiza (kuna familia ilifanya hivyo, mgonjwa akajifungia chooni). Mpeleke kwa daktari wake aambiwe wazi kinga yake ikoje sasa. Aje mgeni mmoja, wakae nje kwenye hewa, nusu saa inatosha. Akiendelea kukosa usingizi, ombeni mshauri wa akili, si aibu. Na kliniki ijayo usibaki kwenye benchi la nje. Ingia naye chumbani, ukae.