Servisi ya kwanza ya pikipiki mpya: nilipe kwa wakala au nimwachie fundi wa kijiweni?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Urambo, naendesha bodaboda. Nimechukua pikipiki mpya ya cc 150 kwa wakala pale Tabora mjini. Kitabu kinasema servisi ya kwanza ni kati ya kilomita 500 na 750, au ndani ya mwezi mmoja. Kazi ni bure kwa kuponi, ila oili, filta na vitu vidogo vidogo nalipia, jumla shilingi 38,000. Hapo sijaweka mafuta ya kwenda na kurudi, wala siku nzima bila abiria. Fundi wa hapa kijiweni anasema ni kumwaga oili tu, nimpe 16,000 yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nenda kwa wakala, ulipe. Lakini simama pale pale wanapofanya kazi, maana wapo wanaomwaga oili, wanagonga muhuri na kukurudishia ufunguo ndani ya dakika ishirini. Ukifanyiwa hivyo, umenunua muhuri.

Fundi wako hajakudanganya kuhusu oili. Injini ikiwa mpya, ringi za pistoni na silinda bado hazijakaliana. Zinasagana, na meno ya gia nayo yanalainishana, kwa hiyo chembe za chuma zinadondoka kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Pikipiki yako inatumia oili moja kwa injini, gia na klachi, na chembe zile zinazunguka kote humo. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema hivi. Na iwe oili ya pikipiki: tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2. Zipo oili za gari zenye viungo vya kuongeza utelezi, na klachi ya pikipiki inayolowa kwenye oili hiyo huanza kuteleza. Utaona unapandisha na mzigo, injini inalia, pikipiki haivuti.

Sasa tufike kwenye tapeti, kile chuma kidogo kinachosukuma valvu zifunguke, ambayo fundi wako hakuitaja na ndiyo inayonifanya nikutume mjini. Valvu, yaani vile vilango vya injini vinavyoingiza hewa na kutoa moshi, zikianza kukaa kwenye viti vyake, nafasi ya tapeti (mwanya kati yake na valvu) hubadilika, na mara nyingi hupungua. Ikipungua sana valvu haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake, inaungua, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Ubaya wake ni kwamba tapeti iliyobana haigongi. Injini inakuwa kimya, wewe unafurahi. Kipimo chake ni cha sehemu ndogo ya milimita, kinapimwa kwa feleji, yaani vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya, si kwa kidole wala kwa sikio. Na kinapimwa injini ikiwa baridi kabisa.

Hapo ndipo safari yako inapoleta shida. Kutoka Urambo ni kama kilomita 90, utafika injini inachemka. Oili inataka imwagwe ikiwa ya moto, tapeti inataka injini iliyopoa. Kwa hiyo fika jioni, mwombe wakala alaze pikipiki ndani, tapeti ipimwe asubuhi kabla haijawashwa, kisha iwashwe ipate joto ndipo oili imwagwe. Kama huna pa kulala Tabora, fika alfajiri uiache ipoe saa kadhaa. Anayekuambia atapima hapo hapo ikiwa ya moto, mwambie aache.

Mengine ni mepesi: wakaze spoku, wavute cheni na kulinganisha alama za pande zote mbili za tairi la nyuma, wakague nati za injini na breki. Nati ya kumwagia oili isikazwe kwa nguvu za kifua. Inaingia kwenye aluminiamu, nyuzi zikikatika ni gharama nyingine. Mimi huongeza filta ya hewa hata kama haimo kwenye orodha yao, kwa sababu mchanga wa kwetu wakati wa kiangazi unaingia kila mahali.

Kuhusu muda, usiusubiri huo mwezi mmoja. Kinachotangulia kati ya siku na kilomita ndicho kinachohesabiwa, na bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku anafika 500 ndani ya siku tano. Ukiona 700 zinakaribia na huwezi kwenda mjini, mpe fundi wako 16,000 amwage oili siku hiyo hiyo, utunze risiti, kisha umpigie wakala umuulize kama bado atapokea kuponi. Injini ipone kwanza. Na hadi hapo, marobota ya tumbaku wabebe wengine. Usikamue moto mpaka mwisho, wala usiende mwendo mmoja njia nzima.

Muhuri nao una kazi yake. Ukikosa servisi ya kwanza, gia ikija kuvunjika mapema wakala atapata sababu ya kukataa waranti. Hakikisha wameandika kilomita na tarehe. Kama pikipiki ni ya mkataba, kitabu huenda kiko kwa tajiri. Kiombe kabla hujaondoka, na mkubaliane mapema nani analipa hizo 38,000.