Uliza Kwanza Utahamaje

Ujumbe uliingia Jumapili usiku nikipiga pasi mashati ya wiki. Binti wa Umoja, Nairobi, ana B+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, na vyuo viwili vinamzungusha kichwa: cha umma kule Juja na cha kibinafsi karibu na kwao. Kote ameweka sayansi ya kompyuta. "Lakini kaka, sina hakika kama naitaka hii kozi. Nilisikia tu ina pesa. Niende chuo gani?"

Nilimjibu mistari mitatu, nikaona haitoshi. Mwezi uliopita nilipandishwa cheo, sasa nasimamia takwimu za sacco yetu, watu wanne chini yangu (niacheni nijisifu kidogo, sikubebwa na mtu). Ila nikisoma "sina hakika" bado tumbo linanikata.

Mimi ni wa KCSE 2015. Utani naujua: sisi ndio tuliovuna kabla ya kiangazi, kwani mwaka uliofuata A zilishuka hadi 141 nchi nzima. Nilipata A-. Nyumbani Kayole hakukuwa na mjadala. Mwenye A- husomea udaktari, uhandisi au kompyuta. Damu naiogopa, kuchora siwezi, ikabaki kompyuta. Hata sijaripoti, majirani wakaanza kuniletea rimoti, redio na simu zilizotumbukia kwenye ndoo. Mama alizipokea mlangoni kwa fahari: "Ziacheni hapa, ataziangalia."

Nami nilikuwa na barua mbili. Moja ya chuo chenye jina, kile ambacho ukikitaja kwenye matatu watu wanageuka kukuangalia. Nyingine ya chuo kidogo ambako wa sayansi wote walisoma hesabu, takwimu na programu mwaka wa kwanza, kisha mtu akachagua njia yake. Kijitabu chao sikukifungua hata ukurasa. Jina lilikuwa limeshanichukua.

Maabara ilikuwa na mashine ishirini na mbili, saba zimefunikwa plastiki kwa sababu zilikuwa zimekufa. Sisi tulikuwa zaidi ya mia. Mtihani wa lugha ya C tuliandika kwa kalamu: programu nzima, na mabano yake na nukta mkato zake, juu ya karatasi, bila kuiona ikifanya kazi. Mkono ulitoka jasho mpaka wino ukachuja. Nilikatwa alama kwa nukta mkato niliyoisahau mstari wa tisa.

Ila si hilo lililonionyesha ukweli. Wenzangu walikuwa wakikesha hadi saa nane za usiku wakisaka kosa moja, na asubuhi wanalisimulia kama bao la dakika ya mwisho. Mimi nikilipata kosa nilihisi usingizi tu. Kilichoniamsha kilikuwa somo la uwezekano, Ijumaa saa moja asubuhi, darasa nusu tupu. Hilo nilikuwa nalifikia mapema.

Wiki ya sita nikaenda kuomba kuhamia takwimu. Karani akasema niandike barua. Nikaandika. Rudi Alhamisi. Alhamisi barua haionekani, andika nyingine, mpelekee mkuu wa idara. Mkuu wa idara hakuinua hata macho: "Watu wanaililia nafasi yako, wewe unataka kuitupa?" Nilipopata sahihi ya mwisho, dirisha la uhamisho lilikuwa na siku nne tangu lifungwe. Miaka inakaribia kumi, na bado nikioga huwa namjibu yule mzee.

Yaliyofuata siyasimulii. Nilimaliza 2021 badala ya 2020, na si corona tu iliyonichelewesha. Mwaka ule wa ziada haukuwa na mkopo. Mama aliuza cherehani yake ya pili. Takwimu nilijifunza mwenyewe usiku, na ndiyo, kuandika programu kumenisaidia, siwezi kukana. Lakini cherehani haikurudi.

Kwa hivyo, dadangu, usiulize chuo kipi ni bora. Uliza hivi: ukigundua mwezi wa pili kwamba umekosea, utahamaje? Uhamisho kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, upo, lakini una dirisha lake, na pointi zako za klasta, yaani zile za masomo yanayohitajika kwa kozi, lazima zifikie kiwango cha kozi unayoitaka kwa mwaka wenu. Klasta huhesabiwa kati ya pointi 48. Andika zako kwa kila kozi inayokuvutia, si kompyuta peke yake, ujue mapema ni milango ipi iko wazi. Kuhama idara ndani ya chuo ni utaratibu mwingine, na kila chuo kina wake. Nenda ukaulize ana kwa ana. Juja ni kilomita 35 hivi kutoka mjini, na nauli yake si kitu mbele ya mwaka mzima. Ukifika, muulize wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado anapigwa picha langoni.

Tazama pia orodha ya masomo. Wengi wanadhani sayansi ya kompyuta ni kutengeneza app. Sehemu kubwa ni hesabu: kalkulasi, aljebra, mantiki, uwezekano. IT, yaani teknolojia ya habari, huegemea zaidi mitandao na mifumo, na BBIT, shahada ya IT ya biashara, huichanganya na mambo ya biashara kama uhasibu. Majina yanafanana hivi kwamba mzazi anadhani ni kitu kimoja, na wewe unamwacha adhani hivyo.

Na uliza kuhusu kuhama. Nimeshasema? Narudia. Mnachagua chuo kama mnavyochagua raba, macho kwenye nembo, halafu mnashangaa zinabana. Sijaona landilodi wa Kayole aliyepokea jina la chuo badala ya kodi ya nyumba. Mkiulizwa kwa nini mmechagua pale mnasema "marafiki wangu wote wanaenda". Wangu pia walienda. Wawili tu ndio bado tunapigiana simu.

Asubuhi hii amenijibu: anaenda Juja Jumanne na mamake, Jumatano kile cha kibinafsi. Nimemwambia akiambiwa popote arudi Alhamisi, anipigie simu papo hapo.