Kwanza jifunze kuita ndugu, ndipo uchimbe

Juzi kijana mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, anayetaka kusomea akiolojia, ameniandikia: "Profesa, nyumbani wanasema kuchimba makaburi ya watu si kazi. Nifanye nini?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Baba yangu, mtu wa migodi, aliniambia vivyo hivyo.

Mwanangu, nakujibu hapa na wenzako wasikie.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda kwa Walamba, watu wa huku kusini mwa Kongo, kuandika ukoo. Mama mmoja mzee alinijibu huku akimenya mihogo. Nikamuuliza, watoto wa dada ya mama yako ni binamu zako? Akaweka kisu chini. "Hao ni ndugu zangu. Mama yao ni mama yangu." Mimi nikaandika binamu, kwa kuwa karatasi yangu ilitaka hivyo. Kwa watu ambao cheo hutoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake, nilikuwa nimefuta warithi kwa kalamu. Mwalimu wangu akanirudishia daftari mbele ya darasa zima, akasema asiyejua kuita mama mdogo asithubutu kusoma watu. Alisema kweli. Lakini angeweza kuniita pembeni, na mpaka leo inaniuma.

Miaka iliyofuata naiacha. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu ametetea tasnifu juu ya misalaba ya shaba ya bonde la Upemba, yaani vipande vya shaba vya umbo la msalaba vilivyozikwa pamoja na wafu, na nilisimama kumpigia makofi. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalichimbwa 1957 na 1958, kisha mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret akachimba tena huko miaka ya 1970. Misalaba ya zamani ni mikubwa. Baadaye ikawa midogo na mingi. De Maret aliona kwamba huenda ile ya kwanza ilikuwa ya mahari, na ile midogo ikawa pesa ya kila siku. Sasa, utaelewaje jambo hilo kama hujui mahari inafunga nini kati ya koo mbili? Binti huyu, mwanafunzi wangu, alianza kwa shangazi yake: nani alipokea mbuzi, nani alipewa blanketi, nani alinyimwa akanuna.

Basi anzeni nyumbani. Ulizeni bibi zenu kabla hawajaondoka. Nasema tena, nyumbani kwanza, udongo baadaye.

Na wewe wa Katuba, Jumamosi mpeleke baba yako kwenye makumbusho hapa mjini, asimame mbele ya ile misalaba. Mimi wangu sikuwahi kumpeleka.