Uliza tukujibu: Ukuta wa Kariba umechoka?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi dereva wa lori, Dar mpaka Harare, kila nikivuka daraja la Chirundu, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, nawaza lile bwawa la Kariba liko juu yetu. Wenzangu wanasema ukuta umezeeka unataka kuanguka. Ni kweli? Na si wamwage tu maji yote wajenge upya? – Dereva, Tunduma

JIBU: Salama kaka, pole na barabara. Hofu yako ina msingi ila shida kubwa haikua kwenye ukuta, ilikua chini yake. Ukuta ulijengwa 1955 mpaka 1959, kimo mita 128. Sa unajua maji ya mvua yakidondoka toka kwenye bati palepale kila siku yanachimba shimo kando ya msingi wa nyumba? Ndo hivyohivyo, mageti sita ya kutolea maji kwenye ukuta yakimwaga mafuriko ya mto Zambezi miaka nenda rudi, mwamba ukaliwa hadi shimo likapita kina cha mita 80 na likawa linarudi nyuma kufuata msingi wa ukuta.

Alafu zege nalo linavimba, manake kokoto zinamenyuka na saruji zikipata unyevu, polepole sana, lakini nafasi ya geti ikijibana hata kidogo geti linakwama. Likikwama wazi maji yanaenda tu, likigoma kufunguka mafuriko yanapanda nyuma ya ukuta.

Kumwaga yote haiwezekani kaka. Lile ndo ziwa kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu kwa ujazo wa maji, kama kilomita za ujazo 180, na Zambia na Zimbabwe zote zinategemea umeme wake. Kwahiyo mafundi wanakarabati ziwa likiwepo hapohapo mgongoni. Kazi ilianza 2017, bajeti dola milioni 294: wamezuia mto kwa ukuta wa muda, wakalikausha shimo, wakapasua mwamba kulipanua ili nguvu ya maji iishie mbali na msingi. Juu kwenye mageti mpango ni kuweka geti la dharura la kushushwa mbele ya lile lililokwama.

Kinachoniuma ni kwamba shimo lilijulikana miaka mingi kabla ya hiyo 2017, na mwamba ulioliwa haurudi.

Wewe vuka, ila ukisikia Mamlaka ya Mto Zambezi imetangaza kufungua mageti usilale na lori karibu na mto.