Ukikatizwa katikati ya ukaguzi, anza upya

Mkuu, umeuliza kama ukikatizwa na simu wakati unakagua ndege kabla ya kuruka unaweza kuendelea pale ulipoishia. Mimi siendelei, narudi mwanzo. Siku moja abiria alinipigia soga nikiwa napima mafuta kwa kijiti kwenye bawa la kulia. Tukacheka, nikahamia kwenye propela. Nimeshafunga mkanda ndipo nikaona dirishani kifuniko cha tangi kimelala juu ya bawa. Aibu tupu! Na usidhani ni ugonjwa wa wanagenzi. Mwaka 1935, kule Marekani, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka mara tu baada ya kuruka: kufuli inayoshikilia usukani wa mkia ndege ikiwa imeegeshwa haikufunguliwa, na aliyeirusha alikuwa rubani wa majaribio. Siku hizi simu naizima kabla sijaigusa ndege.