Meza ya Karatasi: Mbona zinagandana?

SWALI: Mimi hujalidi madaftari kwa mkono. Nilipaka karatasi kadhaa rangi ya akriliki, nikazimalizia kwa midiamu ya kung'aa, yaani akriliki isiyotiwa unga wa rangi. Zilipokauka nikazipanga rundo moja chini ya ubao mzito ili zinyooke. Nilipokwenda kuzichukua zilikuwa zimeshikana, na nyingine zilibandua rangi ya mwenzake. Nizitupe?
– Mjalidi wa jioni

JIBU: Usitupe hata moja, ndugu yangu. Akriliki ni plastiki, na ukilishika hilo, maswali mengi ninayoletewa hapa utajijibu mwenyewe. Rangi ikiwa kwenye chupa, vichembe vya plastiki vidogo mno vinaelea ndani ya maji pamoja na unga wa rangi. Maji yakishaondoka, vichembe vinasogeleana na kuungana kuwa utando mmoja ambao maji hayauyeyushi tena. Watengenezaji huufanya utando huo uwe laini makusudi, usije ukapasuka karatasi ikikunjwa. Ulaini huohuo ndio uliokuponza: nyuso mbili za akriliki zikibanwa pamoja, hasa penye joto, zinashikana hata kama kwa kidole unazisikia kavu kabisa.

Midiamu ya kung'aa ndiyo inayoongoza kwa tabia hii, kwa sababu uso wake ni mlaini na hivyo unagusana na mwenzake kila mahali. Isiyong'aa imetiwa punje laini za kupunguza mng'ao, na uso wake una vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo mgusano ni mdogo. Kwa karatasi za majalada mimi siitumii ya kung'aa hata nikipewa bure. Jaribu kuweka madaftari mawili ya namna hiyo rafuni yakiwa yamebanana, halafu uje uyavute.

Rundo lako lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uliweke kwenye friji mpaka lipoe kabisa. Baridi huukaza utando na kupunguza kunata. Kisha bandua polepole ukianzia pembeni, karatasi ya juu ukiirudisha nyuma kwa mviringo mpana bila kuitia mkunjo, si kuinyanyua wima. Usizikunje zikiwa bado baridi, maana utando uliokazika hupasuka. Zilizochunika zikate vipande, zitakufaa kwa migongo ya madaftari madogo.

Safari nyingine malizia kwa isiyong'aa, tena kwa mkono mwepesi, uzianike siku kadhaa kabla ya kuzibana, na kati ya kila mbili utie karatasi ya kuokea, ile isiyoshika kitu. Gazeti halifai, litabaki hapo milele. Kama zimejikunja, usipake midiamu upande wa nyuma ili kusawazisha, ingawa wengi watakushauri hivyo. Nyuma ndiko gundi yako itakakonyonywa, na plastiki hainyonyi. Lowesha nyuma kidogo kwa sponji, kisha ubane. Ukitaka ulinzi zaidi, daftari likishakamilika sugua nta kidogo juu ya jalada na uling'arishe kwa kitambaa. Nta iwe ya mwisho, kwa sababu juu yake gundi haishiki.

SWALI: Midiamu ni ghali, kwa hiyo mimi huongeza maji tu kwenye rangi. Karatasi nyingine zinatoka vizuri, lakini nyingine rangi inatoka vumbi vidoleni. Tofauti inatoka wapi, na hakuna kitu cha bei nafuu cha kuchanganyia?
– Mwalimu wa sanaa

JIBU: Tazama ulipaka juu ya nini. Juu ya karatasi tupu inayonyonya, rangi nyepesi inaingia kwenye nyuzi na kushikwa humo, kwa hiyo maji mengi hayana neno. Juu ya tabaka la akriliki lililokwisha kukauka hakuna cha kuinyonya. Inategemea plastiki yake yenyewe ijishikize, na wewe umeshaitawanya kwa maji. Hapo ndipo midiamu inapodai haki yake.

Cha bei nafuu kipo, na ni cha zamani kuliko akriliki kwa karne nyingi: gundi ya wanga. Katika karne ya 18 wanawake wa jumuiya ya Kikristo ya Wamoravia huko Herrnhut, Ujerumani, walikuwa mashuhuri kwa karatasi walizozipamba kwa gundi yenye rangi. Chukua wanga wa mahindi vijiko vikubwa 3, ukoroge kwanza katika maji baridi kidogo, kisha uongeze maji mpaka kikombe kimoja na upike kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe nzito na weupe wake wa maziwa upungue. Ipoe, uichuje, ndipo utie akriliki. Uzito wake uwe kama wa mtindi.

Lowesha karatasi, ilaze mezani, pitisha burashi pana yenye gundi. Sasa kata meno kwenye ukingo wa kadi ngumu na uiburute juu yake. Hapa mimi huwa nasahau chai. Kila jino linasukuma gundi kando na kuacha mfereji mwembamba ambamo karatasi inachungulia, na kwenye kingo za mfereji rangi inajikusanya ikawa nzito zaidi. Ukiyumbisha mkono unapata mawimbi. Ukikatisha mistari kwa mistari unapata vyumba, na ndani ya kila chumba unaweza kugonga kizibo. Hukupenda? Pitisha burashi tena, yote yanafutika, kwa kuwa gundi huchelewesha kukauka. Karatasi hizi hazigandani upesi kama za akriliki tupu, ila wanga hauyapendi maji, usizipanguse kwa kitambaa kibichi. Gundi iliyobaki iweke kwenye friji. Ikianza kunuka, imwage.

Na usihukumu rangi ikiwa mbichi. Midiamu mbichi ni nyeupe na huipausha rangi. Ikikauka inakuwa angavu, nayo rangi inakolea.

SWALI: Nimeona watu wakidondosha spiriti juu ya akriliki na kupata miduara kama ile ya juu ya maji. Kwangu haitokei kitu.
– Asiyekata tamaa

JIBU: Rangi yako ama ni nzito ama imeshaanza kukauka. Paka kwanza tabaka la akriliki, likauke kabisa, ili karatasi isinyonye. Juu yake pitisha rangi nyingine iliyo nyepesi, ya giza kuliko ya chini, na udondoshe mara moja ikiwa bado inameremeta. Spiriti inaisukuma rangi pembeni na ile ya chini inatokeza katikati ya duara. Tone dogo kutoka ncha ya burashi linatosha. Fungua madirisha, na jiko liwe limezimwa.